Keki Imefika Mkoani Imeharibika: Tafuta Kosa Lilipo

Picha ikiingia WhatsApp bila salamu, ujue keki imeharibika njiani. Mteja aliyefurahi huanza na "asante dada". Aliyeumia hutuma picha tu, kisha ananyamaza akusubiri wewe useme. Picha za namna hiyo nimezipokea za kutosha tangu nianze kutuma keki kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro, Dodoma, Iringa, Arusha na Unguja, na nyingine wameniletea waokaji wenzangu wakiuliza wamekosea wapi. Malalamiko ni yale yale, yanajirudia. Nimeyapanga hapa kwa dalili: tazama keki yako imefanya nini, kisha shuka na sababu kuanzia ile inayotokea mara nyingi zaidi.

Kabla hujampigia konda na kummwagia hasira, omba picha ya boksi. Boksi lililobonyea, lililochanika au lenye alama ya kiatu linamshtaki msafirishaji. Lakini boksi likiwa zima, kona zote nne zimesimama, na ndani keki imekuwa rojo, kosa limetoka jikoni kwako. Kesi nyingi nilizofuatilia mwenyewe zilikuwa za aina hii ya pili, zangu zikiwemo.

Keki imefika imelala upande

Hili ndilo linaloongoza. Swali la kwanza: keki ilikaa kwenye friji muda gani? Ukijibiwa "nusu saa kwenye friza", usiendelee kutafuta. Nusu saa ya friza hukaza ngozi ya nje tu. Ndani krimu bado laini, na kila tuta basi linaloruka linasogeza tabaka la juu kidogo, na kutoka Mbezi hadi Morogoro matuta hayahesabiki. Krimu ya siagi iliyopoa usiku kucha huwa ngumu kama sabuni ya mche, na keki nzima husafiri kama tofali moja. Kipimo chake: funika ubavu wa keki kwa kipande cha karatasi ya kuokea, bonyeza kwa kidole. Kidole kikiacha shimo, keki hiyo bado haijawa ya kusafiri. Irudishe ndani, basi lingine lipo.

Sababu ya pili ni keki kutoshikizwa kwenye bodi. Dalili yake inatofautiana kidogo na ya kwanza: keki imesimama wima, haijapinda, ila imehama kutoka katikati na kwenda kubusu ukuta wa boksi. Paka kijiko cha chokoleti iliyoyeyushwa au aisingi nzito chini ya tabaka la kwanza, uiache ishike kabla ya kupanga la pili. Bodi nayo isicheze ndani ya boksi. Kipande cha ule mkeka wa mpira wenye matundu, unaotandikwa kwenye droo za jikoni, kinatosha kuizuia.

Ikiwa hayo mawili uliyafanya, fikiria ulichojaza ndani. Jamu nyingi katikati ya matabaka ni sawa na kutandika maganda ya ndizi. Zungushia ukingo wa krimu ngumu pembeni, jamu ikae ndani ya ukingo huo na isizidi nusu sentimita kwenda juu.

Halafu mahali ilipowekwa. Kwenye gari dogo watu huiweka keki juu ya kiti, wakisahau kwamba kiti kimeinamia nyuma kwa makusudi ili mgongo upumzike. Keki haina mgongo. Sakafu ya buti ndiyo mahali pake. Kuipakata nako ni kosa: mapaja yana joto, na mikono huanza kuchoka kabla ya Chalinze. Kwenye basi, omba buti la katikati, kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Nyuma kabisa ndiko basi linakorusha zaidi, na mabasi mengi ya siku hizi yana injini huko huko nyuma, kwa hiyo keki inarushwa huku ikipashwa moto. Njia ya Iringa ina majaribu yake ya ziada: matuta ndani ya hifadhi ya Mikumi, kisha kona za mlima Kitonga, ambako basi hupanda limeinama na mizigo yote huegemea nyuma. Keki ya huko ifungiwe boksi ndani ya boksi, na nafasi ya katikati ijazwe magazeti yaliyofinyangwa, pande zote nne.

Sasa keki za ngazi. Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea. Ngazi ya juu haikai juu ya keki ya chini. Inakaa juu ya vijiti. Kila ngazi iwe na bodi yake nyembamba chini, na vijiti ndani ya ngazi inayoibeba, vinne au vitano kwa ngazi ya juu ya inchi 6. Chomeka kijiti kimoja mpaka kigote chini, weka alama usawa wa krimu, kitoe, kisha kata vingine vyote kwa kipimo hicho kimoja. Ukipima kila kijiti kivyake utapata urefu tofauti, maana juu ya keki hapawi tambarare kama macho yanavyokudanganya, na kijiti kimoja kirefu kuliko wenzake kinatosha kuinamisha ngazi nzima. Vijiti vya mishikaki ni vyembamba, hupenya kwenye keki laini na kuinama. Tumia vya mbao vinene kama penseli, au mirija minene migumu. Mwisho pigilia nguzo moja iliyochongwa ncha, kutoka juu hadi chini, ikipenya bodi zote. Nguzo hiyo haibebi uzito. Kazi yake ni kuzuia ngazi zisipishane gari likifunga breki.

*Simama hapa.* Ngazi tatu na kuendelea, au keki yoyote ya harusi isiyo na mbadala, usiitume kwa basi ikiwa imeunganishwa. Tuma kila ngazi kwenye boksi lake, umlipe mwokaji aliyeko mkoani huko aiunganishe ukumbini, au safiri nayo wewe mwenyewe. Na keki iliyoanguka vijiti vikavunjikia ndani haigawiwi mtu, hasa watoto, mpaka vijiti vyote vimepatikana na kuhesabiwa. Ndiyo maana mimi huandika juu ya mfuniko wa boksi: "vijiti 5, nguzo 1".

Krimu imeporomoka, maua yameteremka ubavuni

Angalia umetumia mafuta gani. Siagi halisi ya maziwa huyeyuka kabisa kati ya nyuzi 32 na 35 za Selsiasi, na hulainika mapema sana kabla ya hapo. Mchana wa Februari Dar es Salaam hugusa nyuzi 32 bila jitihada, na buti la basi lililoegeshwa juani hupita hapo. Kwa safari ndefu, badilisha nusu ya siagi kwa mafuta ya kupikia ya mgando yasiyo na harufu. Wapo wanaotumia mafuta ya mgando matupu. Haiporomoki, kweli, lakini inaganda kwenye kaakaa na mgeni anaomba maji. Mimi huona heri ganashi kwa keki zinazokwenda mbali: kwa uzito, sehemu mbili za chokoleti nyeusi kwa moja ya krimu ya maziwa. Chokoleti nyeupe ni laini, kwa hiyo sehemu tatu kwa moja. Ukuta wa ganashi ukishapoa unakubali hata kuguswa kidogo.

Sababu inayofuata ni saa ya kusafiri. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023, kazi yetu imepata nafuu kubwa. Keki inayotoka Dar saa tatu usiku inakutana na hewa ya baridi njia nzima. Tatizo linahamia kwa mpokeaji: basi linafika alfajiri, yeye amelala, na keki inakaa ofisi ya mizigo mpaka jua limetoka. Kabla ya kupakia, mpigie mpokeaji akuambie kwa kinywa chake atakuwa kituoni saa ngapi. Ujumbe wa maandishi haunitoshi, nimeshadanganywa na "sawa" nyingi. Kwa Morogoro na Dodoma kuna treni ya SGR pia, iliyoanza safari za Dodoma Julai 2024. Haina matuta na ndani kuna kiyoyozi. Ulizia stesheni masharti ya mizigo kabla ya siku yenyewe, usiende kubishania getini ukiwa na boksi mkononi.

Kisha barafu. Watu hutia chupa za maji zilizogandishwa kwenye deli na kuweka keki juu yake. Barafu inayeyuka, chupa zinajipanga upya, keki inalala. Chupa zikae pembeni, zimefungwa kwenye gazeti na kubanwa zisitembee, na boksi la keki liguse sakafu ya deli moja kwa moja. Baridi hushuka, kwa hiyo ukipata njia ya kuzibana juu ya usawa wa keki ni bora zaidi.

Sababu ya mwisho haina dawa: krimu ya kupiga. Iwe ya maziwa au ya unga wa pakiti, ni mapovu ya hewa yaliyoshikwa na mafuta, na mtikisiko huyavunja hata kukiwa na baridi. Mteja wa mkoani akiitaka, namwambia hapana, namtajia mwokaji wa mji wake.

Keki ikishafika hivyo na sherehe ni jioni, mwambie mpokeaji asiisawazishe ikiwa ya moto. Aiingize kwenye friji saa nzima au zaidi, ndipo achukue kisu butu kilichochovywa maji ya moto na kufutwa, apitishe ubavuni. Mimi hutuma na boksi mfuko mdogo wa dharura: krimu kidogo ya rangi ile ile, maua mawili ya akiba na donge la fondanti (ule unga wa sukari uliokandwa, unaovikwa keki kama shuka) lililofungwa vizuri. Mfuko huo umeokoa sherehe kuliko maelezo yangu yote ya simu.

*Simama hapa.* Ukitaka baridi kali zaidi utasikia habari za barafu kavu. Ni kaboni dayoksaidi iliyogandishwa, nyuzi 78.5 chini ya sifuri. Inaunguza ngozi, na inapogeuka gesi inahitaji pa kutokea: ukiifungia kwenye chombo kilichobana inaweza kukipasua, na ndani ya gari lenye vioo vilivyofungwa inaweza kumkosesha dereva hewa. Kwa ndege haipandi bila ruhusa ya shirika. Kazi hiyo waachie mawakala wa mizigo ya baridi.

Fondanti inatoka jasho na kunata

Sukari inavuta maji popote yalipo. Keki ikitoka kwenye friji na kufunguliwa hapo hapo katika hewa nzito ya Pwani, unyevu unatua juu yake kama umande. Karibu kila mara sababu ni hiyo moja: boksi limefunguliwa mapema, na mara nyingi ni kwa ajili ya kupiga picha. Boksi lifungwe kwa selotepu pande zote likiwa bado ndani ya friji, na likifika lisifunguliwe mpaka keki ndani imerudi kwenye joto la chumba, saa mbili au tatu kwa keki ya kawaida. Umande utatua nje ya boksi.

Kama imeshalowa, usiifute. Kitambaa kitaacha michirizi, na unga wa sukari juu ya fondanti nyeusi utaacha mabaka meupe. Washa feni, ielekeze kwa mbali, iache. Hukauka yenyewe. Jasho lisilokauka baada ya saa kadhaa linaonyesha krimu ya chini ilikuwa na maji mengi, na hilo rekebisha keki ijayo.

Kuna waokaji wanaosema keki ya fondanti isipozwe kabisa, kwa kukwepa jasho. Kwa keki ya kukaa mezani mtaani kwako, sawa. Kwa keki inayosafiri kilomita 450 hadi Dodoma, mimi nachagua jasho. Feni haijawahi kusimamisha keki iliyolala.

Uvimbe ubavuni, au nyufa

Nyufa zinazoanzia chini kwenda juu, tafuta bodi. Bodi nyembamba hupinda konda anapoinyanyua kwa mkono mmoja, na fondanti iliyokauka haikunjiki. Tumia bodi ya milimita 10 hadi 12, au gundisha mbili nyembamba pamoja. Nyufa ndogo ndogo za kona zenye sura ya ngozi ya tembo ni fondanti iliyokaa muda mrefu nje kabla ya kuvikwa. Ulikuwa nazo nyumbani, njiani zimeongezeka tu.

Uvimbe ni habari nyingine. Povu kubwa linatokea ubavuni kana kwamba keki imepumua. Mara nyingi matabaka hayakupewa muda wa kutulia kabla ya kuvikwa. Uzito ukayakandamiza njiani, hewa ikatafuta pa kutokea. Yapange, yafunike, weka kigae safi juu yake saa chache, ndipo uvike. Keki za Arusha na Iringa zina la ziada: unatoka usawa wa bahari na kupanda hadi mita 1,400 na zaidi, shinikizo la hewa linashuka, na hewa yoyote uliyoifungia chini ya fondanti inatanuka. Kitundu kimoja cha sindano safi, mahali pa kufichwa na utepe, kinaipa mlango. Mpokeaji akikuta uvimbe tayari, atoboe hapo hapo na kusukuma kwa kiganja, polepole.

Rangi imehama au imebadilika

Nyekundu iliyoingia kwenye nyeupe ni unyevu, rudi kwenye jasho. Ongezea hili: rangi ya maji huhama kirahisi kuliko ya jeli, na rangi nzito ichanganywe siku moja kabla ili itulie.

Lililowahi kunichekesha, baadaye sana, ni keki ya kitchen pati ya zambarau iliyofika ya bluu. Akina mama wamevaa sare ya zambarau ukumbi mzima, keki bluu kama ya timu ya mpira. Hakuna aliyeibadilisha. Zambarau nyingi zimechanganywa na waridi, na waridi ndiyo inayoliwa na mwanga kwanza, inabaki bluu. Boksi langu lilikuwa na kidirisha cha plastiki na lilikaa juani. Keki ya zambarau isafiri kwenye boksi lisilo na kidirisha, na uikolee waridi kidogo zaidi ya unavyotaka.

Maua na topa (mapambo ya kuchomeka juu ya keki) vimevunjika

Havikupaswa kusafiri vimechomekwa. Viweke kwenye kikopo tofauti chenye pamba, na utume picha ya kuonyesha kila kimoja kinakaa wapi. Ukilazimika kuvichomeka, fondanti iliyokolezwa unga wa CMC, ule wa kuikaza, na kukaushwa siku mbili hustahimili kuliko ya kawaida. Waya wa maua usiingie kwenye keki moja kwa moja. Uingie kwenye mrija kwanza. Maua ya bustani yana hatari yake. Oleanda, yale ya rangi ya waridi na meupe yanayopandwa kwenye nyua nyingi, ni sumu, hata shina lake. Kama hujui jina la ua, lisiguse keki.

Boti ya Unguja na Pemba

Kwenye boti hakuna matuta, kuna mawimbi, na keki hubembelezwa pande zote kwa saa mbili hivi. Miezi ya Kusi, Juni hadi Septemba, bahari huchafuka zaidi, na wanaoendelea Pemba wanaujua mkondo wa Nungwi. Omba ikae chini na katikati ya boti, ambako mtikisiko ni mdogo, kamwe si sitaha ya mbele. Keki fupi na pana huvuka salama kuliko ndefu nyembamba. Unyevu wa baharini nao si wa kuchezea: selotepu pande zote, hata kwenye matundu ya kushikia.

Keki nzima, lakini ina harufu

Hapa hakuna marekebisho. Keki yenye kastadi, jibini laini, krimu ya maziwa ya kupiga au matunda mabichi haipaswi kukaa nje ya baridi zaidi ya saa mbili, na joto likizidi nyuzi 32, saa moja tu. Tena harufu huchelewa. Keki inaweza kuwa imeshaharibika na bado inanukia vanila. Basi likikwama njiani kwa saa nyingi na keki ni ya aina hiyo, haiwekwi mezani, hata ikiwa imependeza vipi. Mtu aliyekwisha kula akaanza kutapika au kuharisha apelekwe kituo cha afya, haraka zaidi akiwa mtoto, mjamzito au mzee.

Mteja wa Dodoma aliwahi kunibembeleza nimruhusu aondoe krimu ya juu tu, wageni wameshakaa. Nilimwambia anitumie picha ya keki ikiwa kwenye pipa, nami nirudishe pesa. Picha ilikuja baada ya dakika kumi, bila salamu, na pesa nikairudisha usiku ule ule.